Mbwa Wawili, Koti Moja

Mimi mbwa siwapendi, na nalisema mapema ili mtu asije akadhani nina upande. Mwaka wa kumi na mbili sasa nakaa kwenye dirisha la lango la yadi ya mbao, naandika lori gani limeingia, limebeba nini na limetoka saa ngapi. Kazi hiyo haihitaji mapenzi. Inahitaji kalamu, macho na mto wa kukalia.

Nje ya dirisha langu alikaa Mzee Koti, mlinzi wa mchana. Jina lake halisi liko kwenye faili, lakini hakuna aliyelitumia. Koti lenyewe lilikuwa zito, la kijivu, lenye mifuko minne, na alipewa na baba yake bosi siku alipoajiriwa. Alilivaa hata jua la utosini. Ukimuuliza kama hasikii joto, alijibu kwamba joto la nje halina pa kuingia, la ndani limeshajaa. Mwenzake wa usiku tulimwita Popo. Huyu alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na zaidi, mwembamba, mwenye watoto wanne, na wa mwisho alikuwa hajaanza kutembea. Walinzi hawa wawili walionana mara mbili tu kwa siku, saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni, wakati wa kukabidhiana funguo.

Asubuhi moja bosi alifika mapema, kabla Popo hajaondoka, akashusha boksi la karatasi kwenye gari. Ndani yake mlikuwa na watoto wa mbwa wawili, ndugu wa tumbo moja, wamelaliana kiasi kwamba hujui mguu huu ni wa nani. Akaliweka chini mbele ya dirisha langu, huku lori likisubiri kufunguliwa, akaeleza mpango wake. Baada ya miezi minane mchana hautakuwa na mlinzi. Mchana yadi inakuwa imejaa watu, na lango ataliangalia karani. Karani ni mimi, na hakuna aliyeniuliza. Usiku atabaki mlinzi mmoja na mbwa wawili.

“Mlinzi gani?” Popo akauliza.

“Yule ambaye mbwa watamsikia,” bosi akasema. “Nitawapima mwenyewe.”

Akaingia ofisini. Walinzi wale wawili wakabaki wanatazama boksi. Nikasema moyoni kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na kwamba kabla ya mwezi kwisha mmoja atamtilia mwenzake fitina. Nilikosea, na si kawaida yangu.

Jioni ile, Popo alipokuja kupokea zamu, Mzee Koti alimwambia wakae chini wazungumze. Mazungumzo hayakuchukua hata robo saa. Walikubaliana kwamba hakuna atakayewafundisha mbwa akiwa peke yake. Watafundishwa wakati wa kukabidhiana funguo tu, nusu saa asubuhi na nusu saa jioni, wote wawili wakiwepo. Mmoja ataamuru, mwingine atatoa zawadi, na zamu ijayo watabadilishana. Kwa njia hiyo hakuna atakayewavuta mbwa upande wake, na siku ya kupimwa itakuwa bahati ya mtu. Hata majina waligawana. Mzee Koti alimwita mmoja Komeo, Popo akamwita wa pili Kufuli.

Zawadi ilikuwa mkate mkavu uliokatwa vipande na mke wa Mzee Koti, na ulikaa kwenye mfuko wa kulia wa lile koti. Kwa hiyo zamu ya Popo ya kutoa zawadi ilipofika, ilimlazimu asimame ubavuni mwa mzee na kuchovya mkono mfukoni mwake. Mzee anasema “Kaa,” Popo anachimbua mkate. Ukiwatazama kwa mbali ungedhani mmoja anamwibia mwenzake naye anamsaidia. Madereva wa malori waliwacheka mpaka wakachoka.

Sitasema kazi ilikuwa rahisi. Mtoto wa mbwa mmoja ni mzigo. Wawili ni kesi, kwa sababu kila mmoja ana wakili wake. Ukimkemea Komeo, Kufuli anakuja kumlamba masikio kama mtu aliyefiwa. Ukimwita Kufuli, anamtazama kwanza Komeo kuona kama na yeye anakwenda. Siku daktari wa mifugo alipomchukua Komeo peke yake nyuma ya banda kumchoma sindano, Kufuli alilia kwa sauti ambayo ilinifanya niandike namba ya lori la watu wengine. Walitafuna kandambili zangu, mguu wa kushoto na wa kulia, wakakojolea daftari la mwezi mzima. Nililianika juani kurasa kwa kurasa, na Mzee Koti akanisaidia kuzishikilia zisipeperuke. Hakuomba radhi. Alisema tu kwamba wino umevumilia.

Kufikia mwezi wa tano walikuwa wanakaa, wanalala, wanakuja wakiitwa na wanaacha wakikatazwa. Kufuli alikuwa mzito kidogo. Alisubiri ndugu yake akae ndipo naye akae. Kila jambo walilifanya saa kumi na mbili, mbele ya watu wawili na mfuko mmoja.

Nyumbani kwa Mzee Koti mambo hayakuwa shwari. Mkewe alikuwa akileta chakula cha mchana, na maneno yake niliyasikia nipende nisipende. Alimuuliza mumewe kwa nini anakaa na mbwa kutwa nzima bila kuwafundisha chochote, huku akijua kibarua kinakaribia kuota nyasi. Akamkumbusha kwamba hana mwajiri mwingine anayemngoja, na kwamba mwenye umri wake hupewa kiti, hapewi kazi. Mzee aliendelea kula.

Siku chache baadaye, mchana, yadi ikiwa imetulia, nilimwona amesimama mbele ya mbwa. Akatazama barabarani, akatazama nyuma yake. Mimi hakunitazama, watu husahau kwamba dirisha lina mtu.

“Kaa,” akasema.

Mbwa wakamtazama, kisha wakageuza vichwa vyao vyote viwili kuelekea lango, wakimtafuta Popo. Akarudia. Komeo akapiga mwayo. Mzee, mkono umo mfukoni kwenye mkate, akaja dirishani kwangu.

“Umeona?”

“Nimeona.”

“Nimewaonea haya mbwa, binti yangu,” akasema, akarudi kwenye kiti chake. Hakujaribu tena. Nami sikumwambia mtu, kwa sababu sikuwa na muda.

Siku ya kupimwa ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Bosi alisimama katikati ya yadi, mikono nyuma. Alisema mkate hautakiwi, mbwa wa kazi hafanyi kazi kwa mkate. Nikakumbuka kwamba mkono mtupu haulambwi, lakini sikuulizwa. Popo alianza. Mzee Koti aliambiwa akae katika chumba changu cha lango, mlango ufungwe, mbwa wasimwone. Popo akaamuru kukaa, akaamuru kulala, akawaita. Mbwa wakazunguka wakinusa hewa. Kufuli akaja kukwaruza mlango wangu.

Wakabadilishana. Popo akaingia chumbani na kuketi juu ya boksi la misumari, jasho linamtoka. Ndipo akaniambia kwamba na yeye alijaribu peke yake, mara tatu, na mara zote hawakumsikia. Nilimwuliza kwa nini ananiambia mimi. Akasema hana mwingine. Nje, Mzee Koti alikuwa akiamuru kwa sauti ya taratibu, na mbwa wamesimama tu wakitazama mlango huu ambao nyuma yake yuko Popo.

Bosi aliwaita wote wawili. Alisema miezi minane imepotea, kwamba Jumatatu ataleta kampuni ya ulinzi, na wao wote wawili waje kuchukua barua zao. Hapo nikafanya jambo ambalo si kazi yangu. Nilitoa kichwa dirishani nikamwambia bosi awajaribu wakiwa pamoja.

Walisimama bega kwa bega. Mzee akasema “Kaa,” mbwa wakakaa. Popo akasema “Lala,” wakalala. Dereva wa lori aliposhuka wakambwekea, na walipokatazwa wakanyamaza. Sijawahi kumwona bosi akitabasamu siku ya Jumamosi, ila siku ile.

“Safi sana,” akasema. “Lakini nilisema mmoja.”

Mzee Koti akaanza kufungua vifungo, kimoja kimoja kuanzia juu, akalivua lile koti. Kwa miaka kumi na miwili sikuwahi kumwona bila koti. Ndani alikuwa mtu mdogo kuliko nilivyodhani, mwenye shati lililoshonwa upya kwapani. Akalishika koti kwa mabega akamwekea Popo nyuma, kama mtu anavyomvisha mtoto.

“Mzee wangu, usifanye hivyo,” Popo akasema.

“Vaa. Wangu wameshaota ndevu. Wako wa mwisho hata kutambaa hajamaliza.”

Popo akaingiza mikono, macho yamemjaa maji. Mzee akaja chumbani kwangu, akafunga mlango mwenyewe, akasimama ameuelekea ukuta. Nje Popo akasema neno moja. Mbwa wakamsogelea, wakanusa mfuko, wakanusa mkono.

“Wamekaa?” mzee akauliza ukutani.

“Wamekaa.”

“Wote?”

“Wote,” nikasema, na niliumia kusema.

Popo alibaki. Mzee Koti akaenda nyumbani mchana uleule, akiwa amevaa shati tu, na watu wa barabarani aliozoeana nao hawakumtambua mara moja. Mambo yalikwenda sawa wiki tatu, mpaka mke wa Popo, mwanamke anayependa usafi, alipolichukua koti akalifua kwa sabuni na kulianika. Jioni ile mbwa walilinusa wakamgeuzia Popo kisogo. Asubuhi yake alikwenda mbio nyumbani kwa mzee, akamwomba alivae kwa siku mbili. Mzee alilivaa. Mbwa wakarudi kwenye utii.

Tangu siku hiyo Popo hulipeleka kila Jumapili asubuhi na kulichukua jioni. Mke wa mzee hachoki kuwaambia majirani kwamba mume wake kaachishwa kazi, lakini koti lake bado linaingia zamu. Jumapili iliyopita nilipita kwao nikamkuta ameketi mlangoni, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamtiririka shingoni. Hakulalamika joto. Aliuliza malori, akauliza wino, halafu akauliza kama Kufuli bado anachelewa kukaa.

Nikamwambia hapana, siku hizi anakaa mara moja. Si kweli. Kila saa kumi na mbili Kufuli hutazama lango kwanza, akangoja kidogo, ndipo anakaa.