Ng'ombe Mkavu Aliyeongoza

Barua yangu ya kwanza kwa wale watu ilirudishwa kabla haijasomwa na yeyote, na kwa kuwa mimi ni mtu wa hasira za karibu, siku hiyo sikula chakula cha mchana.

Nieleze kwanza. Mimi ni karani wa takwimu katika chama kimoja cha ushirika cha maziwa. Ofisi iko Ruiru, wakulima wengi wako mashariki mwa Thika, upande wa Gatuanyaga, na mimi nakaa Kiganjo, katika nyumba ya kupanga ambayo ukifungua friji huwezi kufungua mlango wa jikoni. Kazi yangu ni kuchukua madaftari ya wakulima, yaliyoandikwa kwa kalamu za kila rangi na kunuka zizi, na kuyaingiza kwenye kompyuta. Kisha nayatafutia maana kwa programu fulani ya takwimu, ya bure, ambayo nilijifundisha mwenyewe kwa video na ukaidi.

Programu hiyo ina watumiaji dunia nzima, na watumiaji hao wana orodha ya barua pepe. Ukijiandikisha, kila swali linaloulizwa na yeyote linakuja kwako, na kila jibu pia. Unaweza kusoma tu ukanyamaza. Lakini ukiuliza, unauliza mbele ya halaiki ya watu usiowajua, na swali lako linawekwa kwenye hifadhi yao, ambako mtu yeyote anaweza kulisoma hata miaka ishirini baadaye. Mimi nilijiandikisha kwa sababu ya mchoro mmoja.

Chama chetu kilikuwa na afisa wa nyanjani, mama wa makamo anayekaa Ngoingwa, ambaye wakulima humwita Daktari ingawa cheti chake ni cha ufugaji tu. Alikuwa akipita boma kwa boma akifundisha watu kukata nepia, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, ikiwa bado changa, kumwachia ng'ombe maji siku nzima, na kuosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kukama. Kamati ilitaka kujua kama ng'ombe wa wale aliowafundisha wanatoa maziwa zaidi. Kama sivyo, mafunzo yangefungwa kwenye mkutano mkuu, naye angetafuta kazi kwingine.

Kazi ya kuhesabu nikapewa mimi. Mwanzoni programu ilikataa kutafuta wastani wa safu ya maziwa, ikadai kwamba yaliyomo si namba. Nikapata mtandaoni amri ya mstari mmoja ya kuilazimisha iyafanye namba, nikailazimisha, ikanyamaza. Nilidhani nimeshinda. Hesabu zikatoka zikisema kwamba ng'ombe wa waliofundishwa wanatoa kidogo kuliko ng'ombe wa watu ambao Daktari hakuwahi kufika kwao.

Niliisoma ripoti hiyo mbele ya kamati kwa sauti ya mtu aliyesoma. Daktari alikuwa ameketi karibu na dirisha, mkoba magotini. Aliuliza swali moja tu.

"Hiyo ni ukweli, mami?"

Nikamwambia namba hazina upendeleo. Bado naisikia sentensi hiyo nikiwa naosha vyombo.

Mwenyekiti, mzee mstaafu anayeishi Membley na kupenda kila kitu kiwe na picha, akasema wanachama hawatasoma karatasi zangu. Akataka mchoro mkubwa wa kubandika ukutani siku ya mkutano mkuu, wiki mbili baadaye. Nikauchora. Ila mchoro ulikuwa na nukta chache zilizopaa juu kabisa, kwenye lita arobaini na kitu, nao ukawa mbaya kutazama. Nikaamua kwamba hizo ni takataka, makosa ya kuandika, na kwamba ninachohitaji ni mtu wa kunionyesha jinsi ya kuzikata.

Basi nikaandika barua kama tulivyofundishwa shuleni kuandika barua. Nilianza kwa heshima na taadhima, nikawatakia afya njema wao na jamaa zao, nikaeleza nilikosomea, nikaomba radhi kwa kuwachosha, nikafika kwenye swali katika aya ya tano, nikamalizia kwa kuwaombea baraka. Kichwa cha barua nilikiandika kwa herufi kubwa: MSAADA WA HARAKA TAFADHALI. Nikaambatisha faili nzima, pamoja na majina ya wakulima na namba zao za simu.

Ikarudi. Msimamizi wa orodha alinijibu kwa mistari minne. Alisema faili kubwa hazipitishwi, kwamba ndani ameona namba za simu za watu na hadhani kuwa watu hao wangependa ziwekwe hadharani, kwamba kichwa cha barua kiseme tatizo ni nini, na kwamba nisome mwongozo. Hakuandika hata habari yako. Niliona ni mtu asiyefunzwa na mamake. Ilinichukua hadi jioni kukubali kwamba mtu huyo, ambaye halipwi na yeyote, alikuwa amewalinda wakulima wa Gatuanyaga kuliko mimi niliyelipwa kuwatunzia madaftari.

Nikasoma mwongozo wao, nikiwa bado nimenuna. Ulisema: kabla ya kuuliza, tafuta kwenye hifadhi kama mwingine ameshauliza. Ukiuliza, sema ulichofanya, ulichotarajia na ulichopata. Usiandike kwamba ni haraka, kwa sababu haraka yako si yao. Toa mfano mdogo ambao mtu mwingine anaweza kuurudia kwenye kompyuta yake aone unachokiona. Na tatizo likiisha, rudi useme lilikuwa nini, ili atakayekuja nyuma yako alikute jibu.

Kwa siku tatu nikawa nasoma hifadhi hiyo wakati wa chakula cha mchana, kikombe cha chai kikipoa kando. Sijui niseme nini ili mtu aelewe nilivyowapenda watu wale. Kulikuwa na mwanafunzi aliyeuliza jambo la kwanza kabisa, la kujumlisha safu mbili, na mtu akamwandikia ukurasa mzima bila kumcheka. Kulikuwa na wawili waliobishana wiki nzima kuhusu njia ya kupata wastani, wakirushiana mifano, hakuna aliyemtukana mwenzake. Na kulikuwa na mzee mmoja ambaye chini ya kila barua yake palikuwa na jina la mji wa nchi ya barafu na neno moja, amestaafu. Alikuwa akijibu maswali tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Majibu yake yalikuwa mafupi na makavu. Lakini nilikuta barua moja ambapo binti fulani, mgeni kwenye orodha, alikuwa amemsahihisha, naye akaandika mbele ya wote: yeye yuko sahihi, mimi nimekosea, tafadhali fuateni jibu lake. Kwetu nimeona wanaume wakihama kanisa badala ya kusema maneno hayo.

Nikaandika upya. Safari hii barua ilikuwa na mistari sita: nimechora mchoro wa maziwa, nilitarajia nukta ziishie chini ya lita ishirini, zimefika arobaini na kitu, naomba kujua jinsi ya kuzikata. Aliyejibu alikuwa yule mzee.

"Usikate chochote bado," aliandika. "Je, umewahi kumwona ng'ombe wa kwenu wa lita arobaini? Iulize programu inadhani safu hiyo ni kitu gani. Kisha tengeneza mfano wa ng'ombe sita, utuonyeshe."

Nilikasirika tena. Mimi nimelelewa kwa maziwa ya ng'ombe wawili waliokuwa na majina, na huyu mzee wa nchi ya barafu ananiuliza kama najua ng'ombe. Nikakaa Jumamosi asubuhi, kanga kiunoni, nikafungua daftari la kwanza lililokuwa juu, nikachukua ng'ombe sita ili nimwonyeshe kwamba ng'ombe ninawajua. Watano walikuwa wa lita mbili, tisa, kumi, kumi na mbili na kumi na nne. Wa sita alikuwa anangoja kuzaa na hakamwi, kwa hivyo mkulima alikuwa ameandika neno moja pale pa lita: kavu. Nami nikaingiza kavu, kama nilivyokuwa nimeingiza katika madaftari yote.

Nikatoa ile amri yangu ya kulazimisha. Ng'ombe wa lita kumi akatokea kuwa moja. Wa kumi na mbili akawa mbili, wa kumi na nne akawa tatu. Wa lita mbili akawa nne, wa tisa akawa tano. Yule mkavu, asiyetoa hata tone, akawa sita. Ndiye aliyeongoza.

Niliitazama hiyo mistari sita mpaka nikaelewa. Neno moja likiingia kati ya namba, programu huihesabu safu nzima kuwa maneno. Na maneno huyapanga kama kamusi, kwa kinachoanza: kumi, kumi na mbili na kumi na nne zote zinaanza na tarakimu ya moja, kwa hivyo zikatangulia mbili na tisa, na kavu, kwa kuwa herufi hufuata tarakimu, ikawekwa nyuma ya zote. Nilipoilazimisha itoe namba, haikunipa lita. Ilinipa nafasi ya kila ng'ombe kwenye foleni. Kwenye madaftari yote foleni hiyo ilikuwa na nafasi arobaini na kitu, na zile nukta za juu nilizotaka kukata zilikuwa ng'ombe wakavu, na walikuwa wakiniambia ukweli wakati wote. Na waliofundishwa na Daktari ndio waliokuwa na ng'ombe wengi wa lita kumi na zaidi. Kadiri alivyowasaidia, ndivyo mimi nilivyowarudisha mwanzo wa foleni.

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaondoa kila kavu, nikarudia hesabu zote, nikakuta kwamba ng'ombe wa waliofundishwa ndio wanaotoa zaidi, na hakukuwa na shaka.

Jumanne niliomba dakika kumi mbele ya kamati. Mficha uchi hazai, nikajiambia, na nikafuata mwongozo wa orodha kwa sababu sikuwa na mwingine. Nikasema nilichofanya, nilichotarajia, nilichopata. Nikawaandikia ng'ombe sita ubaoni.

"Kwa hivyo ile ripoti ulitusomea ilikuwa uongo?" mwenyekiti akauliza.

"Madaftari ni ya kweli, mwenyekiti. Mimi ndiye niliyasoma vibaya."

Mweka hazina, mama mfugaji, alikuwa bado anautazama ubao. "Ngai, Mungu wangu! Ng'ombe amekauka ndiyo namba moja?"

Wakacheka, na mimi nikacheka kwa kuwa sikuwa na la kufanya. Mafunzo yakaachwa yaendelee. Daktari alinitikisia kichwa kutoka kwenye kiti chake cha dirishani, akafunga mkoba, akaenda zake kazini. Mimi nikaona mambo yamekwisha.

Kulikuwa kumebaki deni moja tu, la orodha. Nikawaandikia tatizo lilikuwa nini, na jina langu chini, hadharani, ambako litakaa. Mwishoni nikaongeza sentensi moja ambayo mwongozo hauidai: kwamba kwa sababu ya neno hilo moja, kavu, mwanamke anayefundisha wakulima alikuwa karibu kupoteza kazi. Kesho yake mzee akajibu. Alisema kosa hilo yeye mwenyewe amelifanya, na kwamba neno moja kwenye safu limewahi kumwaibisha mbele ya watu wengi kuliko kamati yangu. Kisha, yeye ambaye sikuwahi kumwona akipoteza hata neno moja kwa salamu, akaandika: "Tafadhali mwambie huyo mama pole kutoka kwangu."

Wiki iliyofuata nilienda Gatuanyaga kuchukua madaftari. Nilimkuta Daktari kwenye shamba la nepia la mkulima mmoja, panga mkononi, akiwaonyesha akina mama watatu mahali pa kukata. Walipoondoka kwenda kuchota maji, nikamsimulia habari za yule mzee kama kichekesho. Nikamwambia kuna mzungu mmoja mkali, hajui hata Thika iko wapi, amekutumia pole.

Hakucheka. Alipangusa panga kwa majani, upande mmoja, halafu wa pili.

"Unajua tangu usome ile ripoti nilikuwa nikifika kwa boma la mtu naogopa kuingia?" akasema. "Nilikuwa nadhani ni mimi nakausha ng'ombe za watu. Kuna siku nilifika hapa kwa gate, nikarudi nyumbani."

Nikamwambia lakini nilisema mbele ya kamati yote kwamba nilikosea.

"Ulisema. Ulieleza vizuri sana, hata mimi nilielewa. Uliambia kamati, ukaambia hao watu wa kompyuta." Aliliegemeza panga kwenye mguu wake. "Mimi hakuna mtu alikuwa ameniambia pole. Huyo mzee ndiye wa kwanza."

Nilikuwa na maelezo, mimi huwa nayo kila wakati. Nikayaacha. Nikamwambia pole, Daktari, nikiwa nimesimama kwenye nepia iliyonifika kiunoni, na akina mama walikuwa wanarudi na maji.