Siku Tuliyoikimbia Ndege ya Maji

Mlio wa droni hunikosesha raha. Juzi, kwenye arusi moja hapa Nawoitorong, mpiga picha aliirusha yake juu ya mahema, ikaanza kuvuma kama nyuki waliochokozwa. Wageni waliinua nyuso wakapunga mikono. Mimi nilijikuta nimesimama nyuma ya jiko la pilau, moshi ukiniwasha macho, na sijui nilifikaje pale. Watu walicheka. Ninyi sitawaficha sababu.

Nilikuwa darasa la tano, nimerudi likizo kutoka shule ya bweni ya Kakuma. Kwetu ni mbele ya Nakalale, nusu siku kwa miguu, mahali pa migunga michache na upepo usiojua kutulia. Wanaume walikuwa mbali, malishoni na ng'ombe. Sisi tuliobaki tulimsikiliza bibi yangu, ambaye tulimwita Ata. Kila alfajiri wanawake walikuja mlangoni kwetu, naye angenusa hewa, akatazama mawingu, akasema tuhame au tukae. Hakukosea. Maji tuliyachimba kwa mikono kwenye mchanga wa laga, ule mto mkavu, na kila kiangazi shimo lilizidi kina, hata aliye ndani ukamsikia tu, usimwone.

Ndipo akaja kijana wa mradi wa maji, na gari jeupe na droni ndani ya begi. Aliuliza nani anajua Kiswahili. Nilisukumwa mbele, kichwa kikanivimba kwa fahari. Aliongea mbiombio, kama mtu mwenye vijiji vingine vinne vya kumaliza kabla ya jua kuzama.

"Maboma yatakayoonekana kutoka juu yatatengewa nafasi kwenye mradi wa maji. Sawa, dada? Waambie."

Kutenga nilikujua. Daktari wa mifugo alipokuja kuchanja mbuzi, alisema mgonjwa atengwe, na mbuzi yule alizungushiwa miiba peke yake, hakurudi kundini. Basi nilimnong'oneza Ata kwa Kiturkana: maboma yatakayoonekana yatafungiwa kando, kwa sababu ya maji.

Ata akanitazama. "Umesikia vizuri?"

"Nimesikia."

Sikutaka kumwuliza yule kijana mara ya pili mbele ya watu wote. Nilidhani mtoto aliyesoma haulizi mara mbili. Ata ndiye aliyewapa wengine habari.

Siku ya kurusha droni, jua halijachomoza, Ata alikuwa ameshatuhamisha sote, mbuzi, punda, vibuyu, mpaka kwenye miamba. Tulilala kifudifudi juu ya mawe. Ikaja ikivuma, ikazunguka juu ya mazizi matupu. Mtoto wa shangazi alicheka, mama yake akamziba mdomo. Kisha ikaenda, nasi tukarudi tukiimba kana kwamba tumewashinda wezi wa mifugo.

Shuleni nilikaa dawati moja na Furaha, msichana wa Kongo aliyeishi kambi ya wakimbizi na aliyerudi kwao kila jioni. Siku moja alisema kwa furaha, "Mama alinitengea chakula."

"Amekutenga? Umefanya nini?"

"Hapana, wewe! Hakunitenga, alinitengea. Aliniwekea yangu pembeni, nisikose."

Tangu hapo sikukalika. Niliomba ruhusa ya kutoka darasani mara tatu asubuhi moja, nikazunguka choo bila kuingia. Nilihesabu wiki mpaka Agosti, na nilipofika nyumbani nilikuta habari imetangulia: mtambo wa kuchimba ulikuwa umeenda ng'ambo ya vilima. Kwetu ramani ilionyesha hakuna mtu.

Ata alikuwa ndani ya shimo la laga, akichota kwa kikombe. Nilimwambia huku nimeinama ukingoni.

"Ata, nilikosea neno."

"Kubwa kiasi gani?"

Nilimwonyesha ncha ya kidole. Aliendelea kuchota hadi kibuyu kikajaa.

"Usimwambie mtu," alisema.

Asubuhi aliwaambia wanawake, "Mtoto alisema sawasawa. Masikio yangu ndiyo yamezeeka." Kisha akatuongoza hadi ofisi ya mradi, Kakuma. Yule kijana alipotaka kueleza yote kwa pumzi moja, Ata aliinua mkono. Kila sentensi niliigeuza kwa Kiturkana, kisha nikamrudishia kijana kwa Kiswahili kile nilichowaambia wenzangu, naye akubali au asahihishe. Jasho lilimtoka. Ata alisema "Ejok", yaani vyema, kila mara, ndipo akamruhusu aendelee. Mwishowe aliomba kuishika droni. Alisema ni nyepesi kama kifaranga.

Ilirushwa tena, nasi tukasimama wazi nje ya mazizi yetu. Kisima kilikuja mwaka uliofuata. Nilikunywa mpaka tumbo likauma.

Lakini alfajiri mlango wetu ulikuwa mtupu. Wanawake walipita njia ya chini, wakaenda kuuliza kwa jirani. Ata alikaa palepale, tumbaku shavuni, ameelekea njia. Nilimpelekea maji ya bomba nikamwuliza mbona hatuna wageni siku hizi. Alikunywa, akasema maji haya yana ladha ya chuma.

Nilifikiri kwa kuwa maji yamefika, hakuna tena la kuuliza. Nilikuwa mtu mzima, naye hayupo, nilipoelewa kwamba hakuna anayemwuliza njia mtu aliyekiri kuwa masikio yake yamezeeka. Ata alitoa jina lake la miaka yote ili langu lipone, na mimi nikadhani asubuhi zimetulia tu.