Nyuki wa Baba na Kiapo cha Mama Mueni

Harufu ya makumbi ya nazi yakifuka moshi pamoja na nta mbichi bado hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya Msambweni, huku pwani, kiangazi kimoja cha mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Baba alikuwa na mizinga sita chini ya mikorosho, naye aliipenda kupita kiasi. Kila mguu wa mzinga ulisimama ndani ya kopo la oili chafu ili siafu wasipande, na kazi ya kujaza makopo ilikuwa yangu. Asubuhi moja tulikuta nyuki wametapakaa chini, wamekufa, ndimi zimetoka nje. Baba akachuchumaa, akawachota kwa viganja viwili.

"Hawa wametiwa sumu," akasema. "Na aliyewatia namjua."

Alimkusudia Mama Mueni, jirani yetu aliyetoka bara kuja kulima kwenye mashamba ya skimu yaliyogawiwa na serikali. Juma lililotangulia nyuki wetu walikuwa wamemuua mwanambuzi wake, naye alisema maneno makali mbele ya watu. Lakini mzee wa mtaa alitaka ushahidi, basi nyumba nzima tukageuka wapelelezi. Dada yangu Riziki alitafuta nyayo uani. Mimi nilipewa kazi ya kuchunguza wadudu, maana nilikuwa na mazoea ya kuwachungulia, na nakiri nilifurahi mno. Siku ya tatu, nikiwa nimelala kifudifudi chini ya mzinga wa nne, nilimwona buibui amekufa kwenye utando wake, na siafu waliokufa wamezunguka kopo. Nikaondoa majani makavu yaliyolifunika. Ndani walielea nyuki.

Hapo nikakumbuka. Oili ilikuwa imekwisha, na nilipoona uvivu wa kwenda gereji ya barabarani, nilitia maji yenye dawa ya kupe ya ng'ombe wetu, nikijiona mjanja. Kumbe nyuki walikuwa na kiu. Nikamwaga makopo yote, nikayasuuza, nikamwambia Baba sikuona kitu.

Kwenye kikao kwa mzee wa mtaa, Mama Mueni aliweka mkono juu ya Biblia yake, akamgeukia Baba. "Mzee, mimi naapa sijaguza hao nyuki yako. Mungu ananiona."

"Hicho ni kiapo cha mdomoni tu, mama," Baba akajibu, na watu wakaguna kumuunga mkono.

Tangu hapo hakuna aliyenunua maziwa ya mbuzi wake. Miaka ile haikuwa mizuri kwa watu wa bara kwetu; wengi walitishwa wahame. Haukupita mwezi akapakia watoto na mbuzi kwenye lori. Nilimwamkia shikamoo pale njiani, naye akaniitikia kwa upole, akaniita mtoto mzuri.

Mwaka juzi, Baba akiwa kitandani mgonjwa, nilimweleza yote.

"Nilijua," akasema. "Kabla ya kikao nilijua. Uso wako ulinambia."

"Basi mbona ulimwacha aape, Baba?"

"Nilikuwa nishamtaja msikitini na sokoni. Ningerudi nyuma vipi?"

Baba alifariki kabla ya mvua. Siku hizi wanangu huniambia makosa yao hata kabla ya kuvua viatu, nami hujifanya nimekasirika, kumbe moyoni nashukuru. Mama Mueni nimemtafuta mara mbili huko bara bila kumpata. Wakati ule niliogopa kwamba angejua. Sasa naogopa atakufa bila kujua.