Kikombe cha Kumi na Mbili

Mtu akiniambia "nunua tu vingine," ananiudhi sana. Binti yangu Zeddy hunipigia kutoka Nairobi na wimbo ni huo huo. Vingine vipi? Vikombe vyangu vina majani ya kijani na ukingo wa dhahabu, na walioninunulia ni rafiki zangu kumi na mmoja.

Tulikuwa na chama cha akina mama kumi na wawili hapa Njoro. Kila mwezi tulienda kwa mmoja wetu na dazeni ya vikombe, mchoro uleule kwa wote, asije mtu akanung'unika kwamba amepewa vya bei rahisi. Chini ya vyangu nilipaka rangi ya kucha, nyekundu, kwa sababu vyombo vikienda matangani vinachanganyika. Na bado kimoja kikapotea. Matanga yenyewe yalikuwa ya mume wangu Kipruto, na wiki hiyo sikuwa na macho ya kuangalia vikombe.

Miaka sita nimetafuta. Mwenye duka mmoja Nakuru aliniangalia kwa huruma: "Mathe, hiyo design haitoki tena. Kiwanda kiliacha." Nimeinamia vyombo vya mitumba sokoni hadi mgongo ukakataa. Nimeshuka mpaka Mai Mahiu kwa sababu mtu aliona kitu cha kijani kwa kibanda. Kumbe ni bakuli! Na muda huo wote sikualika mtu. Akina mama wakiniuliza mbona kimya, nilisema vikombe havijatimia. Watu kumi na mmoja wanywe chai, wa kumi na mbili anywee nini?

Mwezi jana Kipngeno, anayeniletea viazi, aliingia kupumzika akaona kabati langu la vioo.

"Mathe, nimepewa chai kwa kikombe kama hizi, huko Kuresoi. Kwa mama anaitwa Chelimo."

Chelimo wa chama chetu! Alihama zamani, tukapotezana. Kesho yake asubuhi nilikuwa mlangoni kwake.

Tulilia kwanza. Amezeeka, maskini, na mimi pia, ila uzee wake niliuona haraka. Katika dazeni yake kimebaki kimoja. Alikifuta kwa leso akaniwekea mkononi bila kubembelezwa.

"Chukua, Cheruto. Kwani mimi nakunywa na nani?"

Nilimshukuru Mungu kwa sauti.

"Haya, vimetimia," akasema. "Sasa utaita nani?"

Nikataja Wangechi. Papo hapo nikakumbuka kwamba tulimzika. Jemutai alichukuliwa na mwanawe, wako Eldoret. Nyakio siku hizi hatambui hata watoto wake. Nilipomaliza majina yote sikupata hata wanne wa kufika kwangu. Na wangekuja, mwaka ule wa kwanza, hata wa pili. Walikuwa wanauliza, mimi nawajibu mambo ya kikombe. Aibu ilinishika, wacha nisidanganye.

"Basi njoo wewe," nikamwambia.

"Mimi? Na haya magoti?"

Akachemsha chai. Mimi nikanywea kile kikombe, yeye akanywea mugi ya plastiki, na hiyo ndiyo karamu niliyoingojea miaka sita.