Kufungwa kwa Ndege

Habari kwamba serikali imefunga tovuti za kubeti zisizo na leseni ilinikuta Kasulu, kwenye kibanda cha kuchaji simu karibu na shule niliyokuwa najitolea kufundisha. Vijana watatu walikuwa wamekodolea macho simu moja yenye ukurasa mweupe. Mchezo wao ulikuwa ule wa ndege: unaweka hela, ndege inapaa, hela inaongezeka, na ukichelewa kubonyeza ndege inatoweka na kila kitu. Siku hiyo haikupaa kabisa.

"Wamefunga uwanja," mmoja alisema.

"Na abiria bado tumo ndani!"

"Serikali inatupenda, mwanangu. Ajira haina, huruma inayo."

Walicheka kidogo, kisha wakaendelea kuuangalia ukurasa ule, kana kwamba ungewaonea aibu ukafunguka.

Nikasafiri kwenda nyumbani Kibondo mwisho wa wiki nikiwa na hoja zangu kichwani. Kaka yangu mkubwa alikuwa mchezaji kuliko vijana wale. Msimu uliotangulia aliuza mbegu za maharage gunia baada ya gunia, akidai zimeingiwa na fukusi, hadi shemeji, mke wake, alipobeba debe mbili zilizobaki akazificha kwa mama yake, karibu na ilipokuwa kambi ya wakimbizi ya Mtendeli. Watoto watatu walitegemea debe hizo mbili. Sasa ndege ilikuwa imefungwa, na shemeji alinipokea kwa uso ambao sikuwa nimeuona kwa mwaka mzima.

"Serikali imenirudishia mume," aliniambia.

Usiku ule, tukiwa tunakula, sikuweza kunyamaza. Nikauliza: mbona kampuni zenye leseni zinaendelea kujitangaza redioni kila taarifa ya habari inapokwisha? Kama kamari inaangamiza watu, kodi ndiyo inayoitakasa? Kaka alitafuna tu. Nikaona hoja haijamwingia, nikaendelea. Nikasema hata huko kufunga ni kazi bure, kwa sababu kunagusa mitandao ya simu ya kwetu peke yake. Mtu akipanda kilima huko Kumsenga, mpakani, na laini ya Burundi, akashika mawimbi ya ng'ambo, marufuku ya Dodoma haimhusu.

Nilisema hivyo ili nishinde ubishi. Shemeji alikuwa ametoka kufuata maji ya kunawa, hakusikia. Kaka alisikia.

Niliporudi tena Kibondo zilikuwa zimepita Jumapili tatu. Kanisani kwetu, baada ya nyimbo, wenye ushuhuda huitwa mbele. Shemeji alitoka na jogoo mwekundu kwapani.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Nilifunga siku saba nikimwombea mume wangu. Siku ya nane, Mungu akaifunga ile ndege."

Kanisa lilipiga vigelegele. Nilijiuliza, kama kawaida yangu, kwa nini Mungu afanye kazi kwa kutumia tangazo la wizara, na kwa nini aanze na wasiolipa kodi. Lakini nilimtazama yule mwanamke anavyomshika jogoo na hoja zikaniisha.

Kwetu sadaka ya mazao au mifugo hunadiwa ibada ikiisha, fedha zikaingia kanisani. Jogoo alipoletwa, kaka, aliyekuwa ameketi kando yangu, alipandisha bei mara tatu. Watu wakamshangilia.

"Mtu amefunguliwa, jamani, mwacheni ashukuru!" mzee wa kanisa alisema.

Kaka akaingiza mkono mfukoni akatoa fungu la noti. Katikati ya shilingi zetu zilikuwamo faranga za Burundi, mpyampya. Aliziona wakati mmoja na mimi. Akakunja ngumi, akachomoa shilingi kwa vidole viwili, akalipa.

"Ulikwenda Kumsenga," nilimnong'oneza.

"Si ulisema mwenyewe marufuku haituhusu?"

Tukiwa nyumbani, shemeji alinifuata nilipokuwa nakata kuni. Mawingu yalikuwa yameanza kushuka upande wa milima, na majirani walikwisha kutifua mashamba.

"Mwalimu, nataka kesho nikachukue mbegu kwa mama. Ni aibu mbegu za nyumba hii kulala ugenini wakati mwenye nyumba amepona. Nizilete?"

Ningeweza kusema sijui. Mambo mengi sijui, na husema hivyo kwa fahari. Nilikaa na shoka mkononi, nimechoka kuliko kuni zile zilivyostahili.

"Ziache huko huko, shemeji."

Alisogea karibu.

"Tangu lini?"

"Sijui siku yenyewe. Anatumia laini ya Burundi, kilimani. Leo nimeona faranga."

"Na hiyo akili ya laini ya Burundi kaipata wapi? Yeye hata kutuma ujumbe mrefu ananiomba mimi."

"Kwangu."

"Mawe!" alisema, yaani mama yangu kwa lugha ya kwetu, akaziba mdomo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Nimesimama mbele ya kanisa zima."

"Hukusema uongo. Hukujua."

"Kanisa litauliza kama nilijua?"

Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Aliokota kuni nilizopasua akaingia jikoni.

Mvua zilipokolea, alikwenda kwa mama yake akazileta mbegu moja kwa moja shambani, bila kupita nyumbani. Nilikuwa nimeomba ruhusa shuleni. Kaka alikuja na jembe lake bila kuitwa. Alipopita kando yangu alisema, "Serikali umeipinga, msomi. Mimi umenishitaki."

Alichimba mashimo, nami nikafukia nyuma kwa mguu. Kwa desturi mwenye kuchimba hubeba mbegu kiunoni akadondosha mwenyewe, kazi ikaenda haraka. Kaka alinyoosha mkono kuomba beseni la mbegu. Shemeji alilihamishia nyonga ya pili, akainama, akadondosha mbegu mbili, akasogea shimo la pili. Tukaendelea hivyo hadi jioni, tukamaliza kipande kidogo tu cha shamba, kwa sababu kazi ya watu watatu ilikuwa inasubiri mkono wa mmoja.