Mwalimu Aliyefundishia Nje ya Dirisha

Kalolaine alikuwa na miaka sitini na mitatu na mikono ya kuponda magome. Akigonga rungu lake kule Vava'u, nchini Tonga, samaki wa visiwa vya jirani walikuwa wanageuza njia. Kijiji kilipoletewa kompyuta moja, Maka, mkuu wa kijiji, alitangaza kuwa atakayefaulu mafunzo ya kuitumia kuwapita wenzake ndiye atakayechagua ikae wapi. Wanaume waliitaka kwenye nyumba yao ya kunywea kava, kile kinywaji cha mizizi kinachosinziza. Kalolaine aliitaka kwa wanawake, wawaonyeshe wanunuzi wa ng'ambo ngatu zao, zile nguo za magome, bila mtu kuwasemea.

Siku ya kwanza akafika ukumbini, akamkuta mwalimu ni Semisi, kaka yake wa damu. Akakwama mlangoni. Kaka na dada watu wazima hawaketi chumba kimoja; hilo hata kuku wa Tonga wanalijua.

"Pole, mama," Maka akasema, meno yote nje. "Mila imekutoa. Rudi kwenye magome yako."

"Mila ipi, Maka? Hiyo uliyoijua nusu?" Kalolaine akakaza mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni. "Kati ya kaka na dada, mkubwa nani?"

Kwa mila ya Tonga dada ndiye mkubwa, hata kaka awe na mvi mpaka kwenye nyusi.

"Basi mmoja atoke. Na si mimi."

Semisi akakusanya karatasi zake, akainamisha kichwa, akatoka. Wiki sita alifundisha akiwa nje ya dirisha, mgongo ukutani, mwavuli mkononi. Mvua ilimnyeshea mpaka ndevu zikaota uyoga, mniamini msiniamini.

"Mama, hicho kipanya hakipondwi," Maka, aliyekuwa akisoma naye, alimchokoza.

"Nakibonyeza. Wewe ndiye umekishika kama kikombe cha kava."

Somo la mwisho lilikuwa la kufunga mashine kwa neno la siri. Maka hakuja, kava ilikuwa imemlaza. Mtihani ukafanywa, Kalolaine akawapita wote. Hata hivyo Maka akaibeba kompyuta kuipeleka kwenye nyumba ya kava.

"Kufaulu umefaulu, mama, ila kitu hiki kina hadhi yake."

"Beba tu. Ila niliyeifunga ni mimi."

Siku tatu wanaume walijaribu majina ya watoto, ya nguruwe, ya manabii. Siku ya nne Maka akaingia nyumba ya wanawake, kompyuta begani.

"Mama, tuambie hilo neno."

"Iweke pale mezani," akasema, bila kuacha kugonga. "Halafu uketi. Tunaanzia pale ulipolala."