Kikohozi cha Fundi Saa

Mtaa mzima ulimwita Mawingu, kwa sababu kila alipotoka kibandani mwake alikuwa mweupe kuanzia nyusi hadi kucha. Kazi yake ilikuwa kufumua magodoro yaliyolaliwa mpaka yakawa magumu kama ubao, kuitoa sufi au pamba yake, kuipiga kwa fimbo mbili nyembamba mpaka ivimbe upya, kisha kuirudisha ndani na kushona. Kazi hiyo hufanywa madirisha yakiwa yamefungwa. Upepo kidogo ukiingia, sufi hupaa, na mteja aliyeleta godoro nono huondoka na godoro lililokonda. Basi Mawingu alijifungia ndani, akapiga, na kilichobaki kikielea hewani alikivuta yeye.

Watu hulala, huamka wakajinyoosha, wakasifia godoro lao. Hakuna anayeuliza vumbi la usingizi wake limeishia kwenye kifua cha nani.

Mafua yalipomshika mwaka ule, hakushtuka. Hali ya hewa ilikuwa imegeuka na kila nyumba ilikuwa na mtu wa kupiga chafya. Alivuka njia hadi kwa muuza viungo aliyepanga vikapu vyake mkabala na kibanda.

"Mawingu, mwaka huu mvua imewahi," muuza viungo alisema akiitazama pua yake.

"Nipe tangawizi, acha utabiri."

"Ya kunywa au ya kutafuna?"

"Yoyote, mradi ninyamaze. Kwa chafya zangu mke wangu anasema bora aolewe na punda."

Mkewe, pamoja na masimango yake, alimuuguza kwa moyo. Alichemsha tangawizi na limau, akasubiri ipoe kidogo ndipo atie asali. Alimfunika shuka juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi mpaka jasho likamtoka kama mtu aliyenyeshewa. Alimpa maji ya chumvi asukutue. Kitunguu saumu kilijaa kwenye kila alichokula, hata watoto wakakataa kukaa naye karibu. Na vitu hivyo vilisaidia. Koo lililainika, pua ikafunguka, na jioni aliweza kusimulia jambo moja hadi mwisho.

Mafua yakaisha. Kikohozi kikabaki.

Jioni kilitulia, asubuhi kikarudi kipya, kama mtu aliyelala vizuri kuliko mwenyewe. Kisha kikabadilika. Hapo mwanzo Mawingu alikohoa ovyo kama watu wote. Sasa zilitoka sauti mbili fupi, kavu, kikafuata kimya kidogo, halafu moja ndefu yenye mkwaruzo mwishoni, kama kiti kinachoburutwa sakafuni. Daima hivyohivyo. Mbili, kimya, kiti.

"Hicho si kikohozi chako," mkewe alimwambia asubuhi moja akimwangalia toka mlangoni.

"Cha nani basi? Nimeazima?"

"Mimi nakijua kikohozi chako, baba watoto. Chako kinaanzia tumboni, na ukimaliza unalaani. Hiki hakilaani."

Alicheka, lakini siku hiyohiyo alikwenda zahanati. Muuguzi wa pale alikuwa mwanamke mnene asiyebembeleza mtu. Alimpima makohozi, akamrudisha tena siku nyingine akampima mara ya pili, akasikiliza mgongo wake.

"Kifua kikuu huna," alisema. "Lakini ulichelewa kuja. Kikohozi kikipita wiki mbili usikae nacho kama mgeni wa heshima. Unafanya kazi gani?"

Mawingu akaeleza, kwa kirefu.

"Na unalala wapi?"

"Kitandani, dada. Mimi si popo."

Muuguzi hakucheka. Alimwambia afunge kitambaa puani akiwa kazini, afungue dirisha, anywe maji, ale matunda na mboga, aote jua, na zaidi ya yote alale mapema, kwa kuwa mwili hupigana vita vyake ukiwa umelala. "Tangawizi na asali endelea navyo, vinatuliza. Ila vinatuliza tu. Kitu kinachokuchokoza kila siku, lazima ukitafute ukiondoe."

Ushauri wote huo haukugharimu chochote, na labda ndiyo maana hakuuamini. Njiani alinunua chupa kwa mtu mwenye kipaza sauti aliyejigamba kwamba dawa yake huongeza kinga ya mwili mara saba. Yalikuwa maji ya sukari yaliyotiwa rangi. Watu wa namna ile wanastahili kunyweshwa chupa zao zote hadharani, moja baada ya nyingine, mpaka waseme ukweli. Mawingu aliimaliza yake, akaendelea kukohoa.

Mchana mmoja alikuwa ndani ya kibanda, nyuma ya pazia, akipiga sufi. Kikohozi kikamjia: mbili, kimya, kiti. Alipomaliza akasikia kitu kikianguka nje. Akafunua pazia. Mwanamke mzee alikuwa amesimama pale, mfuko wake uko chini, machungwa yakibingirika kuelekea mtaroni.

Alimtambua. Alikuwa mjane wa fundi saa wa mtaa wa nyuma, marehemu ambaye Mawingu hakuwahi kumwona uso. Baada ya mazishi mjane huyo aliagiza godoro lao lifumuliwe na kushonwa upya, akarudishiwa. Siku hiyo alikuja kusema kwamba mshono wa pembeni umeachia.

"Nani yumo humo ndani?" aliuliza.

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi."

"Aliyekohoa."

"Ndiyo mimi, mama. Mafua haya yamenizoea."

Mjane hakuokota machungwa. Alikaa kwenye benchi la wateja, akakunja mikono mapajani. "Kohoa tena, mwanangu."

Mawingu akadhani anataniwa. Akafungua kinywa ajibu kwa mzaha, na kikohozi kikatoka chenyewe. Mbili. Kimya. Kiti kikaburutwa. Mjane alikuwa amefumba macho, na ile ndefu ilipokatika akanyoosha mkono hewani, vidole vimekunjwa kama vinavyoshika kikombe.

"Hapo ndipo nilipokuwa nampa maji," alisema. "Kila siku. Sikuhitaji hata kumtazama."

Kuanzia hapo alikuja kila mchana. Alikaa benchini, hakuzungumza sana, akasubiri. Muuza viungo alianza kwa kutania, "Mawingu, umepata mchumba," kisha naye akaacha. Alisema kuna kitu katika uso wa yule mama kinamfanya ahesabu vikapu vyake ili asimtazame. Wateja wakapungua. Waliopita walipita upande wa pili wa njia.

Mjane akaanza kuja na kikombe. Kilikuwa cha bati, cha samawati, kimechubuka ukingoni. Siku moja alimkuta Mawingu akinywa tangawizi aliyofungiwa na mkewe kwenye chupa ya chai.

"Unakunywa nyingi," alisema.

"Ndiyo dawa, mama."

"Najua ni dawa." Alikizungusha kikombe mapajani. "Usiharakishe kupona, mwanangu. Kwani una homa? Unakula, unatembea. Niachie kidogo."

Alisema hivyo kwa upole sana, kama anayeomba chumvi. Mawingu akajikuta ameiweka chupa chini.

Kilichomtia hofu kikatokea siku chache baadaye. Alikuwa ameinama akishona, kikohozi kikampanda, na ile ndefu ilipoisha alinyoosha mkono wa kushoto pembeni bila kugeuka. Kikombe kikawekwa ndani yake. Akanywa. Akakirudisha. Ndipo alipoganda, sindano ikiwa bado katika mkono wa kulia. Hakuwa ameombwa anyooshe mkono. Hakuwaza kuunyoosha. Mkono wenyewe ulijua maji yako wapi.

Alifunga kibanda jua likiwa bado juu, akaenda nyumbani, akamweleza mkewe kila kitu bila hata chembe ya utani. Mkewe alisikiliza akichambua mboga. Mwisho akaiweka sinia chini.

"Godoro la marehemu ulipolifumua, ulichukua haki ya sindano?"

Mafundi magodoro wana desturi yao. Kila godoro linalofumuliwa, fundi hujiwekea konzi moja ya kilichomo ndani, nao huiita haki ya sindano. Haba na haba, Mawingu alikuwa amejaza godoro lake mwenyewe, na kila konzi mpya iliongezwa mahali palipobonyea. Watoto wake walikuwa wakisema baba analala juu ya mtaa mzima, na yeye alifurahia msemo huo.

"Nilichukua," alijibu. "Ilikuwa pamba laini sana. Niliiweka upande wa kichwa."

Walilitoa godoro uani. Mkewe alijifunga khanga puani, akashika mkasi, akakata mshono. Vilivyotoka vilikuwa vya rangi zote: sufi ya manjano, pamba nyeupe, pamba iliyogeuka kijivu, nyingine yenye madoa ya kahawia, vipande vya sponji vilivyooza vikawa unga. Vumbi likapanda katika mwanga wa alasiri, halikutaka kushuka. Upande wa kichwa palitoka harufu nyembamba, tofauti na nyingine zote. Harufu ya mafuta ya mashine. Mkewe akapekua kwa ncha ya mkasi, akainua kigurudumu cha shaba chenye meno, kidogo kuliko punje ya dengu.

"Mchana unakunywa tangawizi," alisema, "ukimaliza unakuja kulaza pua yako juu ya magonjwa ya watu. Asali itashindana na haya yote?"

"Hilo ni jasho langu."

"Ni jasho la watu wengine, mume wangu. Lako liko kwenye magodoro yao."

Mtu anafanya kazi maisha yake yote, anavuta vumbi lote, na ujira wa ziada anaopewa ni konzi ya uchafu uleule, naye anafundishwa auite haki. Haki gani hiyo.

Walilichoma. Moshi ulikuwa mzito, ukatambaa chini ya ukuta, na majirani waliokuwa wakichungulia wakaanza kukohoa, kila mmoja kwa namna yake. Mawingu alisimama mbali, midomo ameibana.

Alilala kwenye mkeka. Kibandani alifungua madirisha yote mawili na kuyawamba chandarua kilicholoweshwa maji, sufi ikanasa pale na hewa ikapita. Alifunga kitambaa puani akaonekana kama jambazi, muuza viungo akamwinulia mikono kila asubuhi. Alikunywa tangawizi yake, akala mapapai, akaota jua la asubuhi mlangoni, akalala watoto wanapolala. Kikohozi kiliondoka kwa hatua. Kwanza ile ndefu ikapoteza mkwaruzo. Kisha zile mbili zikawa moja. Halafu asubuhi moja aliamka akasikia mkewe anafagia uani, kila mvuto wa ufagio, na ndani ya kifua chake hapakuwa na neno.

Mjane alikuwa ameacha kuja. Siku ya mwisho alikaa benchini mchana kutwa na kikombe mapajani, akaondoka bila kuaga. Mawingu alipata nafuu, na nafuu hiyo ikamnyima raha. Konzi moja tu ya pamba ile ilikuwa imemfanya vile. Iliyobaki yote alikuwa ameishona kwa mikono yake na kuirudisha kwa yule mama, naye alikuwa akiilalia peke yake, umri ule, kifua kile.

Akaenda, mchana, na kitambaa kipya cha godoro begani na gunia la sufi safi. Nyumba ilikuwa mwisho wa uchochoro. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, na nyufa zake zimezibwa kwa matambara yaliyokunjwa vizuri.

Mjane alifungua mlango kidogo. Alionekana mwenye afya. Alikuwa amesuka nywele.

"Karibu, mwanangu. Umepona."

"Nimepona, mama. Nimekuja kulichukua lile godoro. Nilijaze upya, bure kabisa. Pamba ile si salama."

"Nashukuru. Halina shida."

"Mama, ilinikalisha na kikohozi miezi. Nakusihi. Litakuua."

"Mimi sikohoi," alisema, na kweli alikuwa akipumua polepole, bila kikwazo.

Mawingu akaweka mguu kizingitini. "Basi niruhusu hata nifungue dirisha. Hewa ipite. Nyumba imefungwa mno."

Ndipo kikatoka nyuma ya pazia la chumbani. Mbili fupi, kavu. Kimya. Kisha ile ndefu, na kiti kikaburutwa hadi mwisho wa sakafu.

Mjane alikuwa mbele yake, mdomo ameufumba. Hakushtuka. Mkono wake wa kulia ulikwishachukua kikombe cha samawati kutoka mezani, na alikuwa amegeuka nusu kuelekea kwenye pazia.

"Dirisha hapana," alisema akiusukuma mlango taratibu. "Atashikwa na mafua."